Kudizaini mashine za nazi: anza na mkono, mota baadae

Watu wengi wakitaka kutengeneza mashine ya nazi swali la kwanza ni mota ya hosipawa ngapi. Hilo ni swali la mwisho mwisho. La kwanza ni mkono wa mtu utakuwa wapi wakati chuma kinazunguka. Na sio kwa ajili ya usalama peke yake, maana mashine inayotisha mtu anailisha kwa woga, taratibu, na mashine inayokwama kwama mtu ataivua kava tu ili achomoe makumbi kwa vidole, sasa hapo umepoteza kasi na vidole kwa mpigo.

Huu mwongozo ni kwa fundi mwenye karakana ndogo, ana mashine ya kuchomelea, grinda, drili, anaweza kupata beringi na giaboksi. Kwenye kufua, yaani kutoa makumbi, nitakaa sana maana ndo kunakoumiza na ndo kugumu kudizaini, kukuna na kukamua nitagusa, mengine napita.

Hatua ya 1: Angalia kazi kabla ya kushika kalamu

Nenda pale watu wanapofanya kazi na saa mkononi, pima kila kazi kivyake: kufua, kutoa maji, kuvunja, kukuna, kukamua, au kama ni mbata basi kubandua na kukausha. Nazi hamsini kwa kila kazi zinatosha kukupa picha. Tuseme umekuta kufua sekunde 10, kuvunja 8, kukuna dakika moja na nusu. Ukitengeneza mashine ya kufua yenye kasi mara tatu utakuwa umeokoa sekunde kama 7 kati ya 108, na watu watasema mashine haijasaidia kitu, na watakuwa sahihi. Ila kama wao wanauza nazi zilizofuliwa tu bila kuzivunja, basi kufua ndo kila kitu. Usikubali kuambiwa tatizo liko wapi, pima.

Wakati unapima andika na haya: ncha au makali yanaelekea wapi, mkono mwingine umeshika nini, mtu anainama mara ngapi. Waulize pia mara walizonusurika, sio ajali tu. Mtu aliyekatwa kila mtu anamjua, lakini panga lililoteleza likapita sentimita moja na kidole hakuna anayelitaja mpaka umuulize.

Na mgongo msiusahau. Nazi kavu yenye kumbi ukiihesabu kilo moja na nusu, nazi 1000 ni tani moja na nusu inayopita mikononi mwa mtu, na kila nazi hainyanyuliwi mara moja tu, inatoka kwenye lundo, inaenda kwenye kifuo, inarushwa huku. Meza ya kufikia usawa wa kiwiko na mteremko wa mbao ambao nazi zinabiringika zenyewe kuja kwa mfanyakazi, hiyo ni mashine tayari, haina mota wala haikwami.

Hatua ya 2: Pima nazi zenyewe

Chukua kama 100 zilizochanganyika, kubwa, ndogo, koroma zinazoelekea kukauka, na zile kavu kabisa zilizokaa. Pima urefu, upana, uzito, halafu pasua chache upime unene wa kumbi pale katikati na pale kwenye kikonyo. Usidizaini kwa wastani! Mashine haikwamishwi na nazi ya wastani, inakwamishwa na ile ndogo inayopenya kusikotakiwa na ile kubwa isiyoingia.

Kwa makadirio yanayotumika sana kumbi ni kama 35% ya uzito wa nazi, kifuu 12%, nyama 28% na maji 25%. Hizi namba zina kazi. Nazi 1000 za kilo moja na nusu zinakupa zaidi ya kilo 500 za makumbi, na hizo lazima ziende mahali, kwa hiyo njia ya kutolea makumbi ichorwe kabla ya njia ya kuingizia nazi. Mashine nyingi unakuta zimefanyiwa kinyume, makumbi yanajaa miguuni kwa mwendeshaji, anateleza, na anapoteleza anashika kilicho karibu, na kilicho karibu ni mashine.

Halafu pima nguvu. Funga nazi kwenye vaisi, chonga kipande cha bamba chenye meno kama yale utakayotumia kwenye mashine, kichome kwenye kumbi, kivute kwa mzani wa kuning'iniza mpaka kumbi lichanike, andika kilo za juu kabisa. Rudia kwa nazi zile ngumu kavu, na namba ya kubeba ni ya ile ngumu kuliko zote.

Hatua ya 3: Chagua njia ya kufua

Kuna kifuo cha kawaida, chuma kilichochongoka kikisimama ardhini. Mzoefu anafua zaidi ya nazi elfu moja kwa siku kwa kifuo, tuseme ukweli ni chombo kizuri, ila uzito wote wa mwili unashuka kuelekea ncha ambayo iko wazi muda wote.

Kuna cha mkono chenye mpini, taya mbili zilizofungwa zimesimama kama kabari, unaikita nazi juu yake, unavuta mpini na taya zinafunguka na kuachanisha kumbi. Kerala Agricultural University ya India ilitoa chombo cha aina hii kinaitwa Keramithra. Mkono unaovuta uko mbali na ncha, hakuna umeme, na welda yeyote anakitengeneza. Kama kazi ni ya familia au kikundi kidogo mi ningeanzia hapa na nisione aibu, wengi wanarukia mota wakati tatizo lao lingeisha kwa mpini wa sentimita 60 na bawaba imara. Ongeza kikombe cha kufunika ncha pale kisipotumika, kiwe kimefungwa na mnyororo kisipotee.

Na kuna ya rola mbili zenye meno, ndo ya uzalishaji mkubwa, na ndo inayokula mikono.

Hatua ya 4: Rola mbili, kwa kina

Rola mbili zimelala sambamba, zinazungukia ndani kwa kuelekeana, meno yanachoma kumbi na kulivuta chini katikati, nazi yenyewe haipiti kwa sababu nafasi ni ndogo kuliko nazi iliyofuliwa. Rola moja iwe na spidi kidogo zaidi ya mwenzake ili nazi ijigeuze na kumbi litoke pande zote. Ukizilaza na mteremko kidogo nazi inasogea yenyewe mpaka mwisho inadondoka ikiwa safi. Juu weka mkono wa springi wa kuikandamiza, SIO mkono wa mtu, na nasema hivyo kwa sababu kuna mashine zinauzwa ambazo mtu anakandamiza nazi kwa kiganja.

Meno: urefu wake uwe mfupi kuliko kumbi jembamba ulilopima. Kama jembamba lilikuwa milimita 25, meno yawe 15 mpaka 20, yakizidi yatatoboa kifuu na maji yatamwagikia kwenye beringi. Yafunge kwa nati, usiyachomelee moja kwa moja, maana yatavunjika na utakuja kukata rola nzima kwa ajili ya jino moja.

Usumba, yaani nyuzi za makumbi, ndo adui wa hii mashine. Unajizungusha kwenye rola, unatambaa mpaka kwenye shafti, unaingia kwenye beringi na kunyonya grisi yote. Kwa hiyo beringi zikae NJE ya ukuta wa boksi, na kati ya ukuta na beringi acha nafasi ya vidole vitatu iliyo wazi kwa chini ili usumba udondoke, halafu weka sahani ya chuma kwenye shafti izuie. Chini ya kila rola weka kitana cha bamba, meno ya rola yapite katikati ya meno ya kitana, kinakwangua kila mzunguko. Kitana kizuri kinapunguza mikwamo kuliko mota kubwa.

Sasa hesabu ya mota. Tuseme mzani ulisoma kilo 100 kwenye nazi ngumu, hiyo ni niutoni 981. Rola ya kipenyo sentimita 15 ina nusu kipenyo cha mita 0.075, kwa hiyo 981 mara 0.075 ni niutoni-mita 73.6, rola mbili ni 147. Mizunguko 30 kwa dakika ni radiani 3.14 kwa sekunde, zidisha unapata wati 462. Giaboksi ya skrubu inakula nguvu nyingi, ukijumlisha na mkanda ubaki na kama 67%, yaani unahitaji wati 690. Zidisha mara mbili kwa ajili ya nazi mbili kuingia pamoja na mambo mengine usiyoyajua, 1,380. Mota ya kilowati 1.5, hosipawa 2 hiyo. Kama mota inazunguka 1,440 kwa dakika na wewe unataka 30, punguza mara 48: giaboksi ya 20 kwa 1, na puli ya sentimita 10 kwenye mota ikiendesha puli ya sentimita 24. Mkanda ukae upande wa mota ili rola zikibanwa kweli mkanda uteleze kabla gia hazijavunjika, na kwenye shafti ya rola weka pini laini ya kukatika, mahali ambapo inabadilishwa bila kufungua kava.

Mtu atakwambia ongeza spidi upate nazi nyingi. Angalia hii kwanza: kwa mizunguko 30 uso wa rola unatembea karibu sentimita 24 kwa sekunde. Mtu akinaswa vidole mpaka ashtuke, atafute kitufe, abonyeze, mashine isimame, sekunde moja imeshapita na zaidi, na hiyo ni kiganja chote. Ndo maana kitufe chekundu sio kinga, kinapunguza madhara tu, na ndo maana ukitaka nazi nyingi refusha rola au ongeza njia ya pili, usiongeze spidi.

Kinga ni mkono usifike. Hapa kuna mtihani, kwa sababu tundu linalopitisha nazi ya sentimita 25 linapitisha mkono mzima mpaka begani. Kiwango cha kimataifa cha umbali wa usalama, ISO 13857, kinahesabu mkono unaopenya tundu la sentimita 4 mpaka 12 kuwa unafika sentimita 85, na tundu la nazi ni kubwa kuliko hilo. Una njia mbili. Ya kwanza, handaki la bamba lenye urefu wa zaidi ya sentimita 90 na kona katikati, nazi inabiringika, mkono haupindi vile. Ya pili ambayo mi naipenda zaidi kwa sababu haichukui nafasi, boksi la milango miwili iliyounganishwa kwa fimbo moja: ukifungua wa nje wa ndani umefungwa, ukifunga wa nje wa ndani unafunguka nazi inadondoka. Hakuna umeme hapo wala sensa, na mwendeshaji haendi polepole kwa sababu ndo mwendo uleule wa kulisha.

Na fikiria siku mtu atanaswa pamoja na hayo yote. Beringi za rola moja zikae kwenye reli na springi, na kuwe na mpini mmoja mkubwa unaoachanisha rola bila spana. Kuanza kutafuta spana namba 19 huku mtu analia sio dizaini.

Hatua ya 5: Umeme

Usitumie swichi ya kawaida ya kuwasha na kuzima. Tumia kontakta yenye kitufe cha kuwasha na cha kuzima, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kazi mtu ataingiza mkono kutoa kumbi, na umeme ukirudi mashine ya swichi ya kawaida inaanza yenyewe. Kontakta inasubiri ubonyeze upya. Kwa gharama yake ndogo sioni sababu ya mashine yoyote ya nazi kukosa hii kitu.

Weka ovaloadi ya kukata umeme mota ikizidiwa, fremu iunganishwe na ethi, na kwa vile maji ya nazi yanamwagika kila siku weka na breka ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampia 30. Mota iwe ya kufungwa kabisa yenye feni nje, maana vumbi la makumbi likiingia kwenye mota iliyo wazi linaziba na linaweza kushika moto. Kitufe cha dharura kiwe mahali ambapo mtu aliyenaswa mkono mmoja anakifikia kwa mwingine au kwa goti, sio ukutani nyuma yake.

Kava zinazofunguliwa mara kwa mara zikae na swichi ya kukata umeme. Ila pima rola zinachukua muda gani kusimama baada ya kuzima. Kama ni sekunde tatu, mkono umeshafika zamani. Dawa ya bei rahisi ni kufunga kava kwa bolti ndefu ya mkono ambayo ukianza kuilegeza inakata swichi, na mpaka uimalize kila kitu kimesimama.

Hatua ya 6: Kuvunja na kukuna

Kuvunja kwa panga huku nazi iko kiganjani kuishe kabisa. Toboa lile jicho laini kati ya yale matatu, maji yashuke kwenye chombo safi, halafu nazi ikae kwenye kikombe chenye kabari chini, mpini wenye kabari nyingine ushuke kutoka juu. Inapasuka kwenye mzunguko wa kati, hakuna anayeshika kitu.

Mbuzi ya mota inaonekana ya upole kwa sababu ni ndogo, lakini kichwa chake mara nyingi kimefungwa moja kwa moja kwenye mota, 1,440 kwa dakika, na mtu anashika kifuu kwa kiganja akisukuma kuelekea meno. Kifuu kikiwa na ufa kinapasuka na kiganja kinaendelea na safari. Tengeneza kikombe cha mpira au chuma kinachobana nusu ya nazi, kiwe kwenye mkono wa bawaba wenye mpini, na weka kizuizi ili meno yasimame milimita mbili kabla ya kugusa kifuu, hapo hapo unapata na tui lisilo na chembe za kifuu. Swichi iwe ya mguu, ukinyanyua inazima. Na GLOVSI HAPANA. Karibu na kitu kinachozunguka glovsi inavuta mkono ndani, pamoja na mikono mirefu ya shati, kanga, na kamba za aproni.

Kama nyama imeshabanduliwa, vipande vipite kwenye bomba la upana usiozidi sentimita 4 na urefu usiopungua 20, na kisukumio cha mbao ngumu chenye kola ya kukizuia kisifike kwenye meno. Vikate vipande vyembamba vipite, ni bora kuliko kupanua bomba.

Hatua ya 7: Kukamua

Jeki ya gari na fremu ya chuma inakamua tui kuliko kifumbu, ila hapa hatari haizunguki, inakaa kimya halafu inapasuka. Jeki ya tani 5 ikisukuma kwenye silinda ya kipenyo sentimita 20 inatoa kama kilo 16 kwa kila sentimita ya mraba. Ukuta wa silinda ukiwa bamba la stenlesi la milimita 3 unavutwa kwa kama megapaskali 52, lakini bamba lenye matundu ya kutolea tui tuseme linabaki na 40% ya nguvu zake, kwa hiyo ni kama 130, na stenlesi ya 304 huanza kunepa karibu 205. Inashika, ila akiba ni ndogo, kwa hiyo ivike pete za chuma kwa nje kila sentimita 5. Sasa lipo jambo moja la uhakika, siku moja mtu ataleta jeki ya tani 20 ili chicha litoke kavu zaidi. Tengeneza kikalio cha jeki kiwe kidogo kiasi kwamba hiyo kubwa haiingii. Jeki ikae chini ikisukuma juu, mafuta yake yakivuja yasidondokee chakula.

Hatua ya 8: Vinavyogusa chakula

Meno ya mbuzi, kikombe, silinda, trei, vyote stenlesi, maana maji ya nazi yana asidi kidogo na chuma cha kawaida kinashika kutu haraka. Fremu inaweza kuwa chuma cha kawaida chenye rangi, mradi rangi isiwe juu ya chakula. Viungo vichomelewe mfululizo na kusuguliwa laini, tui linaharibika haraka sana na kila kiufa ni makazi ya bakteria. Kila sehemu ya kuosha ivuliwe bila spana, la sivyo haitaoshwa. Grisi za beringi zilizo juu ya chakula ziwe za daraja la chakula.

Hatua ya 9: Testi

Kabla ya kuwasha, kata fimbo ya sentimita 85, ncha yake ifunge glovsi iliyojazwa matambara, jaribu kuiingiza kwenye kila uwazi, juu, chini, nyuma, kwenye njia ya makumbi pia, ambayo wengi wanaisahau. Ikigusa rola rudi karakana.

Halafu pitisha nazi 200 mchanganyiko na uandike: muda wote pamoja na mikwamo, zilizovunjika, zilizobaki na makumbi, na kila mkwamo ulitolewaje. Hii safu ya mwisho ndo muhimu kuliko zote. Kama mtu alivua kava mara tano ndani ya nazi 200, usimlaumu wala usimbandikie onyo ukutani, tafuta kwa nini inakwama, mara nyingi ni kitana au njia ya makumbi. Kava linalovuliwa kila siku ni kosa la aliyedizaini.

Sikiliza pia. Ukilazimika kupaza sauti kuongea na mtu aliye mita moja, kelele zimeshafika kwenye desibeli 85 huko, na hiyo kwa masaa 8 inaharibu masikio. Mara nyingi ni bamba linalotetemeka, likaze, weka mpira chini ya mota.

Mwisho mpe mashine mtu ambaye hakuwepo wakati unaitengeneza, usimwelekeze, kaa pembeni uangalie mkono wake unakwenda wapi mashine ikigoma. Rekebisha hapo kwanza. Kisha pini za akiba, meno machache na ufunguo wake vifunge kwenye fremu yenyewe ndani ya kiboksi, maana pini ikikatika jioni na ya akiba haipo, mtu ataweka msumari wa inchi 6 na kazi itaendelea.